Siku Kumi za Bi Mwaija

Mwaka ule Waingereza na Wajerumani walipoanza kupigana mara ya pili, mimi nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, na mkunga wangu alikuwa Bi Mwaija.

Ndiye aliyenipokea mimi mwenyewe nilipozaliwa Kaole. Mama yangu alipofariki nikiwa na miaka sita, Bi Mwaija aliendelea kuja nyumbani kwetu kila Ijumaa kunisuka nywele, na hakuna aliyemwomba. Alikuwa anakaribia miaka sitini, mfupi, mwenye mikono mipana kuliko ya wanaume wengi. Kwa asili alikuwa mtu wa Msata, Mkwere, aliyeletwa pwani na ndoa. Mumewe alikwisha kufa zamani naye hakurudi kwao.

Nilipoolewa na Msabaha nikahamia Bagamoyo mjini, kwenye nyumba ya mama yake, Bi Mize. Bi Mize hakuwa mtu mbaya. Alizaliwa katika nyumba ya wafanyabiashara wa zamani, akapenda kila jambo lifanywe kama lilivyofanywa kwao. Nilipomtajia Bi Mwaija, akasema, "Mtu wa bara yule, mwanangu. Hapa mtaani wakunga wapo."

Msabaha alikuwa kwenye cherehani yake pale ukumbini, amebana pini mdomoni. Akazitoa moja moja. "Mama," akasema, "mwache azae na mtu anayemwamini."

Bi Mize hakulijadili tena jambo hilo, lakini Bi Mwaija alipokuja alimkaribisha kwa maneno machache tu.

Mwezi wa Shaabani, tumbo likiwa limekwisha kushuka, tulikwenda Kaole mimi na Bi Mwaija kumtazama baba yangu, ambaye miguu ilikuwa imemvimba. Tulilala huko. Kesho yake asubuhi, jua likiwa bado la kuvumilika, tukashika njia kurudi mjini polepole. Bi Mwaija alikuwa na kikapu chake cha ukili kilichojaa majani ya dawa. Mimi sikubeba chochote, kwa kuwa alinikataza.

Njia ile wakati huo ilipita kando ya shamba la mkonge, na kati ya njia na mkonge palikuwa na safu ya minazi. Msimamizi wa shamba alikuwa Mjerumani. Vita vilipotangazwa, askari walikuja na lori wakamchukua, na tangu siku ile mwezi mzima ulikuwa umepita. Vibarua walitawanyika. Aliacha nyumba imefungwa na mbwa wawili wakubwa aliowafuga kwa ulinzi. Mmoja aliuawa kwa mkuki baada ya kula mbuzi wa watu. Yule wa pili tulikuwa tunamsikia tu katika mazungumzo. Watu walisema alikata kamba yake akaingia mkongeni.

Alitoka mbele yetu, hatua kama thelathini. Alikuwa wa rangi ya majivu, mbavu zinahesabika, masikio ameyalaza nyuma. Shingoni alikuwa na kamba inayoburuta. Hakubweka. Aliinamisha kichwa tu akaanza kuja.

Sisi watu wa pwani hatukuzoea mbwa. Katika nyumba zetu mbwa ni najisi, humgusi wala hakugusi, na jambo pekee nililofundishwa juu yake ni kukaa mbali. Nikageuka nikimbie.

"Mwanabaraka," akasema Bi Mwaija, "usikimbie."

Hakupaza sauti. Alisema kwa sauti ile ile aliyotumia kuniambia nikae nisukwe.

"Atakupata kabla hujafika popote. Rudi nyuma taratibu mpaka mgongo uguse mnazi. Weka mikono tumboni. Usimtazame machoni."

Nikarudi nyuma mpaka nikasikia gome la mnazi mgongoni. Bi Mwaija akasimama mbele yangu. Akavua kanga aliyojitanda kichwani, akaizungusha kwenye mkono wake wa kushoto kuanzia kiganja mpaka kiwiko, kwa haraka lakini bila papara, kama mtu anayefunga mzigo. Mkono wa kulia ukashika kikapu, akakitanguliza mbele ya miguu yake.

Kisha akaanza kumsemesha yule mbwa. Hakusema Kiswahili, alisema lugha ya kwao. Katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akiisema. Sauti yake ilikuwa nzito na ya chini, haina hasira. Mbwa akasimama. Nilidhani yamekwisha.

Lakini alikuwa na njaa, na alikuwa ameshikwa na woga pia, na sasa najua kwamba mambo hayo mawili yakikutana kwa mnyama ni hatari. Akaanza kuzunguka akitafuta nafasi ya kunifikia mimi niliye nyuma. Kila alipozunguka, Bi Mwaija alizunguka naye, kikapu mbele. Nikamwona mbwa anakunja miguu ya nyuma.

Aliporuka mara ya kwanza Bi Mwaija alimsukumia kikapu mdomoni. Mbwa akakishika, akakitikisa, majani yakaruka kila upande, ukili ukachanika. Kwa muda mfupi alishughulika na kikapu. Alipoona hakina kitu akakitupa, akaruka tena, na safari hii alikuwa analenga juu.

Bi Mwaija akampa mkono. Sina neno jingine la kulieleza. Angeweza kuruka pembeni, na kama angeruka, mimi ndiye niliyekuwa nyuma yake. Aliuinua mkono wake wenye kanga akauweka mbele ya meno, nayo meno yakafunga.

Nilipiga kelele. Yeye hakupiga. Nilitegemea atauvuta mkono, kama mtu yeyote angefanya, lakini alifanya kinyume chake. Aliusukuma ndani, kuelekea kooni mwa mbwa, akamwegemea kwa kifua na uzito wake wote mpaka miguu ya nyuma ya mbwa ikateleza, wakaanguka wote wawili mchangani, Bi Mwaija juu.

"Kamba," akasema, pumzi zikimwishia. "Shika kamba. Izungushe mnazi."

Nikaiona kamba kwenye majani, karibu na mguu wangu. Kuinama kwangu siku zile lilikuwa jambo la kufikiriwa kwanza, lakini sikufikiri. Nilipiga magoti, nikaishika, nikaizungusha kwenye shina mara mbili, nikavuta. Nilivuta kwa mikono, kwa mgongo, kwa uzito wa mwanangu. Kamba ikakaza. Mbwa akakosa pumzi, akafungua mdomo, na Bi Mwaija akajiviringisha pembeni. Nikafunga fundo lile lile tunalofungia mbuzi, nikalifunga tena juu yake.

Mbwa alijirusha mara mbili, kamba ikamrudisha. Akalala chini akihema, akitutazama.

Kanga ya Bi Mwaija ilikuwa imelowa damu. Alikuja kwangu kwa magoti, na jambo la kwanza alilofanya ni kunipapasa miguu kwa mkono wake mzima, mmoja baada ya mwingine, kuanzia kifundo mpaka goti.

"Amekugusa?"

"Hapana, Bi Mwaija."

"Hata mkwaruzo?"

"Hakunigusa."

Akaweka kiganja tumboni kwangu akasubiri. Tukasubiri wote. Kisha mtoto akapiga teke, moja, la nguvu, pale pale chini ya kiganja chake.

"Haya," akasema. Hapo ndipo alipoanza kutetemeka.

Nilimshika. Nilikaa mchangani nikamlaza kichwa mapajani kwangu, mtu aliyenilea, nikaufunga mkono wake upya kwa pindo la kanga yangu. Aliniomba radhi kwa majani yaliyomwagika.

Mkulima mmoja aitwaye Pazi, ambaye shamba lake lilikuwa jirani, alisikia kelele zangu akaja mbio na panga. Alipoona damu na mbwa aliyefungwa hakuuliza kitu, alikwenda moja kwa moja kwa mbwa.

"Usimwue," akasema Bi Mwaija.

"Bibi, amekuuma."

"Ameniuma mimi, si wewe. Mwache."

Pazi akanitazama mimi kana kwamba mwenzangu ameshapotewa na akili. Bi Mwaija akaketi vizuri.

"Sikiliza, mwanangu. Baba yangu alikuwa mwindaji. Tulikua na mbwa uani, sita, saba. Ikiwa huyu ana kichaa, atakufa mwenyewe siku si nyingi. Ikiwa hana, ataishi. Ukimwua sasa, mimi nitajuaje ni kipi nilichoingiziwa mkononi?"

Pazi akateremsha panga. Alikuwa na kibanda kitupu alichowahi kufugia mbuzi, nguzo zake nene. Siku ile ile, yeye na ndugu zake walimhamishia humo yule mbwa kwa miti mirefu na kamba mbili.

Pazi alitusindikiza mpaka zahanati ya serikali mjini. Daktari alikuwa safarini, akabaki dresa wa kufunga vidonda, kijana mwenye miwani aitwaye Muhidini. Aliufungua mkono. Meno yalikuwa yameingia mahali panne, na upande wa kidole kidogo nyama ilikuwa imechanika. Aliuosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda mrefu mpaka nikadhani amesahau anachofanya. Kisha akatia dawa ya rangi ya zambarau.

"Mbwa yuko hai?" akauliza.

"Yuko hai," akasema Pazi, akionekana mwenye kujivunia.

Muhidini alishusha pumzi. "Basi mmefanya vyema. Mlinde kwa siku kumi. Ale, anywe, atazamwe kila siku. Siku kumi zikipita naye ni mzima, na wewe bibi huna neno. Lakini akibadilika hata kidogo, akikataa kula, akianza kutoka mate, mniambie saa hiyo hiyo. Nitakutia kwenye lori uende Dar es Salaam ukapigwe sindano. Ni nyingi, za tumboni, lakini zinaokoa."

"Na nikichelewa?" akauliza Bi Mwaija.

Muhidini alivua miwani akaifuta. "Usichelewe, bibi," akasema.

Tulipofika nyumbani Bi Mize alitukuta mlangoni. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akimtazama Bi Mwaija, si mimi. Kisha akaitisha maji na udongo safi, akakunja mikono ya gauni lake. Kwa mkono wake mwenyewe akamwosha Bi Mwaija bega, shingo na miguu, kila mahali palipopata mate ya mbwa, mara saba, mara moja kwa udongo, akipita mbali na bandeji kama dresa alivyoagiza. Nguo zake zote akazifua vile vile.

Alipomaliza, Bi Mwaija akasema ahsante, akainuka aende.

"Unakwenda wapi?" akauliza Bi Mize.

"Kaole."

"Kaole kuna nani wa kukupikia?" Bi Mize akamkunjulia mkeka. "Utakaa hapa."

Akakaa, lakini kwa masharti yake. Alichagua chumba cha uani. Alitaka sahani yake peke yake, bakuli lake peke yake. Na mimi nisimguse, wala yeye hatanigusa mpaka siku kumi ziishe. Muhidini alikuwa amemwambia kwamba mtu asiye na dalili haambukizi mtu, lakini pia alimkataza kumzalisha mtu yeyote akiwa na kidonda wazi. Bi Mwaija alilichukua neno la pili akaliacha la kwanza. Jioni nikitoka uani kukaa naye, alikuwa anavuta mkeka wake mbali kidogo. Ilikuwa vigumu kwangu kuliko nilivyoweza kusema. Nilimzoea mtu ambaye mikono yake ilikuwa kichwani kwangu tangu utoto.

Kazi ya kumtazama mbwa aliichukua Msabaha. Mume wangu alikuwa mtu mpole, fundi wa kanzu na magauni, na alimwogopa mbwa yeyote hata aliye mbali. Siku ya kwanza aliondoka baada ya sala ya alfajiri, vichwa vya samaki na kiporo cha ugali vikiwa ndani ya kipande cha gunia. Alirudi amelowa jasho.

"Amekula?" akauliza Bi Mwaija kabla hajavua viatu.

"Amekula."

"Amekunywa?"

"Nilisukuma bakuli kwa mti. Amekunywa."

"Alikunywaje? Aliramba, au maji yalimwagika pembeni mwa mdomo?"

Msabaha alifikiri. "Sikuangalia mdomo. Nilikuwa nyuma ya nguzo."

"Kesho angalia mdomo," akasema Bi Mwaija.

Kesho yake akaangalia mdomo. Siku ya tatu aliangalia mdomo na macho na jinsi mbwa anavyosimama, akaja kuyaeleza yote, hata akainama na kuonyesha alivyoramba, mpaka Bi Mize akacheka nyuma ya ushungi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka akiwa pamoja na Bi Mwaija.

Siku ya nne Msabaha alirudi akaingia moja kwa moja chumbani kwetu. Bi Mwaija akaita kutoka uani, "Amekula?"

"Amekula," akajibu Msabaha. Mimi nilikuwa namtazama usoni. Alikaa kitandani, mikono imelegea.

"Hakula," akaniambia kwa sauti ndogo. "Alinusa akaacha. Maji pia. Nilingoja saa nzima."

Uani tukasikia ndara zikiburuta. Bi Mwaija alisimama nje ya mlango, bila kuingia.

"Msabaha, mwanangu," akasema, "unashona vizuri, lakini kudanganya hujui. Nipeleke nikamwone."

Wakaenda wawili, Muhidini akiwa ameitwa awakute huko. Ninayoyasimulia hapa nilielezwa na Msabaha. Bi Mwaija alikaa mbele ya kibanda, mbali kidogo na mbwa, akamtazama kwa muda mrefu. Alitazama macho, mate, miguu. Kisha akamwambia Msabaha, "Tazama shingo." Ile kamba ya zamani, niliyoivuta mimi siku ile, ilikuwa imezama ndani ya manyoya, shingo imevimba juu yake. Mbwa hakuweza kumeza.

Pazi na nduguye wakambana kwa miti. Bi Mwaija akapenyeza kisu cha Pazi chini ya kamba kwa mkono wake wa kulia, akimsemesha kwa lugha ile ile, akaikata. Wakamwachia kamba ile nyingine iliyo legelege. Wakasogeza bakuli. Mbwa akanywa bakuli zima, akalamba mpaka chini.

Msabaha aliporudi alikuwa na machozi. "Alimkatia kamba," akaniambia. "Mbwa aliyemla mkono."

Kuanzia hapo niliona Bi Mize anampelekea Bi Mwaija chai uani yeye mwenyewe, na anakaa. Mara nyingine waliongea mpaka wakati wa kupika ukapita. Nilisikia Bi Mize akiuliza juu ya Msata, kama kuna maji, kama watu wanalima mtama, kama ni kweli mbwa huachwa kulinda mashamba dhidi ya nguruwe. Bi Mwaija akajibu yote.

Siku ya nane, alfajiri, uchungu ukaniingia.

Bi Mize alitaka kuita mkunga wa mtaani, lakini ilisemekana amekwenda msibani Saadani. Jua lilipopanda hapakuwa na nafasi ya kutafuta mwingine. Bi Mize alikuwa amezaa watoto watano, lakini hakuwahi kumpokea hata mmoja wa mtu mwingine. Nilimwona anatazama mikono yake mwenyewe.

"Mize," ikaja sauti ya Bi Mwaija kutoka upande wa pili wa pazia. Alikuwa amekaa sakafuni nje ya mlango, mgongo ukutani. "Osha mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Kata kucha. Kisha njoo ukae upande wake wa kulia, nami nitakwambia."

Hakusema Bi Mize. Alisema Mize, kama mtu anayemwita mdogo wake. Na Bi Mize akajibu, "Ndiyo, dada."

Asubuhi ile yote nilizaa kwa sauti. Sikumwona Bi Mwaija, nilimsikia tu. Aliniambia nivute pumzi lini na nizitoe lini. Alipotaka nipumzike, alinisimulia siku niliyozaliwa mimi, jinsi mvua ilivyovuja kupitia paa la makuti, baba yangu akashika sufuria juu ya kichwa cha mama. Nililia na kucheka kwa pamoja. Niliomba aingie. Niliomba mara nyingi, nikamkosea adabu hata, nikamwambia hanipendi.

"Nakupenda, ndiyo maana niko hapa mlangoni," akasema. "Sasa sukuma."

Kichwa kilipotoka, Bi Mize alinyamaza.

"Mize, kitovu kiko shingoni?" akauliza Bi Mwaija kutoka nje.

"Kiko." Sauti ya Bi Mize ilikuwa karibu haisikiki.

"Kimezunguka mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mwanabaraka, usisukume sasa, hema kama mtu aliyekimbia. Mize, ingiza kidole chako kimoja chini yake, taratibu. Kinaingia?"

"Kinaingia."

"Kipitishe juu ya kichwa chake, kama unamvua mtoto mkufu. Usikivute. Wewe mvue tu mkufu."

Nilimsikia Bi Mize akisema bismillahi. Kisha nikamsikia Bi Mwaija, nje kule, naye akihema kama mimi.

"Kimetoka," akasema Bi Mize.

"Haya mwanangu. Sukuma."

Binti yangu alizaliwa kabla ya adhana ya adhuhuri. Alilia mara moja, akalia tena, na nje ya pazia nikasikia mtu mwingine anayelia, kwa utulivu, kwa muda.

Hakuingia. Bi Mize alimpeleka mtoto mpaka mlangoni akafunua pazia, na Bi Mwaija akamtazama kwa umbali wa hatua tatu, mkono wake mbovu ameuficha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeambiwa asishike kitu. Alifanya hivyo siku ile na siku iliyofuata. Aliuliza kama ananyonya. Aliuliza rangi ya choo chake. Akarudi uani.

Siku ya kumi, Muhidini na Msabaha walikwenda pamoja kumwona mbwa. Walikawia. Bi Mize alisafisha mchele mara mbili bila kujua. Bi Mwaija alikaa kwenye mkeka wake akishona kikapu kipya kwa mkono mmoja, akibana ukili kwa vidole vya mguu.

Walipoingia uani, Muhidini alifungua kinywa aseme, lakini Bi Mwaija akamtazama Msabaha.

"Amekula," akasema Msabaha. "Amekunywa, aliramba vizuri, hakuna kilichomwagika. Amenona. Nilimwekea chakula kwa mkono, akanitikisia mkia."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

Bi Mwaija akaitikia kwa kichwa. Muhidini akaifungua bandeji, akaubonyeza mkono hapa na pale. Kidonda kilikuwa kimefunga. Vidole viwili vya mwisho havikukunjika sawasawa, akasema huenda vitabaki hivyo, lakini kwa lile jambo kubwa, akasema, alhamdulillahi, mwanamke huyu ni mzima.

Bi Mwaija alinyanyuka akaenda kwenye mtungi. Aliosha mikono yote miwili, polepole, mpaka kwenye viwiko. Alijifuta. Kisha akaja mlangoni, akavuka kizingiti, akaja kwanza kwangu. Akaniwekea kiganja kichwani, juu ya nywele zangu ambazo hazikusukwa kwa siku kumi, akakiacha hapo.

Halafu akamchukua mtoto. Alimfunua mwili wote, akamgeuza, akampitisha kidole kwenye uti wa mgongo, akafungua vidole vyake vya miguu kimoja kimoja. Bi Mize alisimama pembeni amekunja mikono, kama mwanafunzi anayengoja daftari lake.

"Nani alifunga kitambaa hiki cha kitovu?" akauliza Bi Mwaija.

"Mimi," akasema Bi Mize.

"Umekaza mno. Akishiba hapati nafasi."

"Nionyeshe, dada."

Bi Mwaija akaketi ukingoni mwa kitanda, akamlaza mtoto mapajani, akakifungua kitambaa. Bi Mize akakaa karibu yake, bega kwa bega, wakainama wote wawili juu ya tumbo lile dogo. Vile vidole viwili havikumtii, basi alipofika mahali pa kushika, Bi Mize alimshikia, naye akaendelea kukunja.

Yule mbwa alichukuliwa wiki ile na mpwa wa Bi Mwaija, aliyekuja kwa lori kutoka Msata, akampeleka kulinda mihogo yake isiliwe na nguruwe. Bi Mwaija hakurudi Kaole mpaka mfungo ulipokwisha. Alinizalisha watoto wengine watatu, kwa mkono wenye vidole vitatu vinavyokunjika, na kila mara Bi Mize alikuwa upande wa kulia, kucha amezikata.